Mama Yake Yuko Wapi? Kwa Wanaotaka Kununua Mbwa

Ikifika Novemba, watu wakianza kupanga safari za sikukuu na kuwaza nyumba itabaki na nani, ujumbe ule ule huanza kuingia kwenye simu yangu. "Kaka, nataka mbwa mkali. Kati ya Jemani na Rotwaila nichukue yupi?" Mwingine hutuma picha ya kitoto kilichokaa ndani ya boksi la sabuni, na neno moja tu: "Pyua?" Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja. Leo nawajibu nyote kwa pamoja, na najua wengine mtaninunia, maana majina ya mbwa sitaanza nayo.

Nawaambia haya nikiwa mtu aliyewahi kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mtoto wa mbwa wa kwanza niliyemlipia pesa ya maana nilimpokea kwenye mataa, kupitia dirisha la gari, taa zikiwa bado nyekundu. Muuzaji alisema ana miezi miwili na chanjo zote. Siku ya tano akaanza kutapika, siku ya sita akaharisha damu, siku ya nane nikamzika nyuma ya mpapai. Ilikuwa pavo. Virusi vyake hukaa mwilini siku tatu hadi saba, pengine zaidi, kabla mbwa hajaonyesha dalili, kwa hiyo siku ile anachezacheza mapajani mwangu huenda alikuwa tayari ameambukizwa. Pesa ya dripu na sindano ilizidi bei niliyomnunulia.

Hadi leo, mtu akinitumia picha ya mtoto wa mbwa, swali langu la kwanza ni hilo hapo juu: mama yake yuko wapi?

Kwanza sema unamtakia kazi gani

Neno "ulinzi" linabeba mambo mengi. Chagua lako:

- Kengele. Unataka kujua mtu akigusa geti saa nane usiku. Nyumba nyingi za mjini haja yao inaishia hapa.
- Kizuizi. Una yadi, ghala au duka, na unataka mtu akimwona mbwa aghairi. Hapa ndipo ukubwa wa mwili unapoanza kuwa na maana.
- Shamba. Kufukuza ngedere kwenye mahindi, kutembea na mbuzi, kukesha zizini.
- Mwenza wa watoto na wazee.

"Lakini mbwa mdogo atamtisha nani?" Mwizi haogopi meno peke yake, anaogopa majirani kuwasha taa. Mbwa wa kilo kumi na tano anayebweka kwa sababu ya kweli, na kunyamaza pasipo sababu, anakufaa kuliko jitu la kilo hamsini linalobweka mchana kutwa hadi mtaa mzima umezoea. Kelele iliyozoeleka hailindi.

Hesabu ya sufuria

Kabla ya kuuliza bei ya mbwa, uliza bei ya chakula chake. Atakula kila siku kwa miaka kumi au zaidi. Boaboli mzima hupita kilo 60. Anakula kama nyumba ya pili.

Wengi wetu tunapika ugali wa dona na dagaa, au utumbo na mapafu kutoka machinjioni. Si vibaya, mradi nyama au dagaa waonekane kweli, wasiwe harufu tu. Onyo moja ambalo halisikiki vya kutosha: usinunue unga uliovunda kwa kuwa "ni wa mbwa". Sumukuvu inayoua watu huua mbwa pia, na ini la mbwa haliistahimili. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo hupasuka vipande vikali vyenye kutoboa utumbo. Ujibu pia swali hili: ukienda kijijini wiki mbili, nani atapika?

Sasa majina

Jemani Shepadi. Huyu ndiye anayetajwa kuliko wote, na ana haki yake. Alianza kuzalishwa kwa mpango Ujerumani mwaka 1899, na Max von Stephanitz, kwa kazi ya kuchunga kondoo. Ni mbwa wa kazi, na shida huanzia hapo. Ukimfungia bandani saa ishirini na tatu, akili yake inageuka. Atachimba, atazunguka palepale, ataanza kumng'ata mtu anayempelekea chakula. Asiye na nusu saa asubuhi na nusu saa jioni asimchukue. Manyoya yake hupukutika mwaka mzima, na kwenye joto la Dar au Mombasa anahitaji kivuli na maji muda wote. Ugonjwa wa ukoo wa kuuliza ni nyonga kulegea. Mtazame mama akinyanyuka. Akijikongoja, au akikimbia kwa kurusha miguu yote miwili ya nyuma pamoja kama sungura, ondoka.

Msidanganyike na masikio. Jemani wa wiki nane masikio yake kwa kawaida bado yamelala. Husimama kati ya miezi mitatu na sita. Wauzaji wanajua, kwa hiyo mtoto yeyote mweusi mwenye kahawia miguuni huitwa Jemani, na masikio yakigoma kusimama utaambiwa "mpe muda".

Rotwaila na Boaboli. Wazito, watulivu wakilelewa vyema, hatari wakilelewa vibaya. Siwashauri kwa mtu anayefuga kwa mara ya kwanza, wala kwa nyumba ambayo wageni na watoto wa jirani huingia bila hodi. Na mkia kukatwa hakumfanyi mbwa kuwa Rotwaila. Nimeona watoto wa mbwa wa mtaani waliokatwa mikia ili bei ipande.

Rijibeki. Wa kusini mwa bara letu, mwenye mstari wa manyoya yanayoelekea mbele mgongoni. Sifa zake ziliandikwa rasmi Bulawayo mwaka 1922. Manyoya mafupi, anastahimili jua, anafaa shamba. Ukimwona mtoto wake, pitisha vidole kwenye uti wa mgongo kutoka shingoni hadi kiunoni. Ukihisi kamba au kitundu chini ya ngozi, hiyo ni kasoro ya kuzaliwa inayohitaji upasuaji.

Spitsi wa Kijapani. Mweupe, mdogo, kelele nyingi. Kengele nzuri ya nyumbani, na Nairobi amejaa. Manyoya yale marefu ni hoteli ya kupe. Kama huna muda wa kumchana, mwache.

Haski na wenye pua fupi. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, hatoki jasho kama sisi. Pagi na buldogi wenye pua iliyobonyea huhema kwa shida hata kwenye baridi, na Haski ameumbiwa theluji. Kumweka Kigamboni ni kumtesa. Nimemaliza.

Wa kienyeji. Hapa ndipo ninapopigwa mawe. "Yaani nilipie mbwa koko?" Pengine usilipe kitu, ila mpe nafasi. Mbwa wa kienyeji ana uzito wa kubebeka, manyoya mafupi, anakula kidogo, na hana nyonga iliyoharibiwa na watu waliokuwa wakishindana kwenye maonyesho ya urembo. Maumbile yenyewe yamechuja mababu zake kwa njaa, kupe na jua. Wanaomdharau hawakumbuki kwamba Basenji, anayefugwa Ulaya na Marekani kwa bei ya kutisha, ni mbwa wa vijijini Kongo aliyepelekwa Uingereza miaka ya 1930, na jina lake lina undugu na hilo hilo neno letu "shenzi".

Udhaifu wake: wengi wamezaliwa na mama asiyezoea watu, kwa hiyo ukimchukua akiwa na miezi minne kutoka jalalani, hofu yake huenda isiishe. Mchukue kwa mtu ambaye jike lake unalijua. Walio Nairobi wanaweza pia kwenda KSPCA, wanakohifadhi mbwa waliookolewa na kuwatafutia makazi. Mbwa mzima wa pale ukubwa na tabia yake unaviona kwa macho, hubahatishi.

Anayeuza ni nani?

Yupo wa barabarani. Huyu simjadili tena, mpapai wangu unatosha.

Yupo wa mtandaoni, mwenye picha nzuri mno, mbwa wamekaa kwenye zulia lenye kioo nyuma. Anataka kishika uchumba kwanza, "na ya kutolea", kisha mtoto ataletwa kwa basi. Ukiomba kuona picha ya video ya leo, mama akiwa na watoto wake, huduma ya mtandao humwishia ghafla. Usitume hata shilingi kabla hujasimama kwenye banda lake.

Yupo dalali, ambaye hazalishi bali anakusanya watoto kutoka mabanda mbalimbali na kuwachanganya. Mtoto mmoja akiwa na pavo, wote wanayo. Utamtambua kwa wingi wa aina: Jemani, Spitsi, Rotwaila na Chiwawa, wote wa wiki nane, wote wapo leo.

Na yupo mfugaji mwenyewe. Huyu ana majike mawili matatu, pengine moja tu, na mara nyingi atakuambia "sina sasa, subiri". Kusubiri ndiyo dalili nzuri kuliko zote. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, na mtoto hafai kuondoka kabla ya wiki nane. Asiyekosa watoto wa kuuza mwaka mzima, jiulize majike yake yanapumzika lini.

Mpigie simu kwanza, uulize:

1. Jike lina umri gani na limezaa mara ngapi? Chini ya mwaka mmoja na nusu ni mapema mno, na anayezaa kila joto linapokuja anamalizwa.
2. Dume ni la nani, na ni ndugu wa jike? Kaka na dada hupandishwa mara nyingi kuliko mnavyodhani.
3. Dume lilipimwa uvimbe wa sehemu za siri? Upo uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana, umeenea sana huku kwetu, na jike aliyeupata anautoa kwa damu na gharama.
4. Nani amechanja, lini, na naweza kuongea naye?
5. Nikishindwa kumlea, utampokea?

Msikilize naye anakuuliza nini. Mfugaji wa kweli atataka kujua una uzio au huna, na nani yupo nyumbani mchana. Asiyekuuliza lolote ila namba ya muamala anauza bidhaa.

Siku ya kwenda kumwona

Nenda asubuhi, kabla watoto wa mbwa hawajalishwa, na usiende na watoto wako. Mtoto akishamkumbatia mbwa, wewe huna tena uamuzi.

Mtazame mama kabla ya watoto. Akikurukia kwa ukali wa hofu, mkia katikati ya miguu, hofu hiyo watoto wameinyonya. Baba kutokuwepo si kosa, mara nyingi jike hupelekwa kwa dume. Mama kutokuwepo ni kosa. Na uhakikishe si mama wa kuazima: jike lililonyonyesha hadi juzi chuchu zake bado zinaning'inia, na watoto wakifunguliwa wanamkimbilia wao wenyewe. Nimewahi kuonyeshwa Jemani mzuri kweli, tumbo limebana kama la askari mpya depo. Watoto walimpita wakaenda kwa mbwa mwekundu aliyefungwa nyuma ya choo.

Kisha mshike mtoto:

- Fizi ziwe za waridi. Fizi nyeupe ni minyoo, viroboto au kupe wamemnyonya.
- Tumbo la mviringo na mbavu zinazoonekana ni minyoo, si shibe.
- Angalia kati ya vidole na ndani ya masikio, ndiko kupe hujificha.
- Inua mkia. Uchafu uliokauka ni kuhara kulikopanguswa haraka.
- Gusa kitovu. Uvimbe laini ni ngiri.
- Piga makofi ukiwa nyuma yake. Asiyegeuka, rudia. Asiyegeuka tena huenda ni kiziwi.

Kati ya watoto wa tumbo moja, usimchukue aliyejikunyata pembeni kwa kumhurumia, wala yule anayewakanyaga wenzake wote kama ni mara yako ya kwanza kufuga. Wa katikati, anayekuja, ananusa, anaondoka, anarudi, huyo hapo.

Meno hayadanganyi

Umri ndio uongo mkubwa wa biashara hii, nao unakwenda pande mbili. Wengine huuza mtoto wa wiki tano wakisema nane, ili waokoe chakula. Huyo hajafundishwa na ndugu zake kwamba kung'ata kunauma, na atawang'ata ninyi. Wengine huchukua mbwa wa kienyeji wa miezi minne wakakuambia ni Boaboli wa miezi miwili, "ona alivyo mkubwa!" Mwaka ukipita bado yuko vilevile.

Fungua mdomo taratibu:

- Chini ya wiki tatu: hana jino.
- Wiki nne hadi sita: meno madogo, makali kama sindano, yanaendelea kuota.
- Wiki nane: meno ya utoto yote 28.
- Kuanzia miezi mitatu au minne: ya mbele yanang'oka na mapana meupe yanaingia.
- Miezi sita hadi saba: meno 42, ya ukubwani.

Ukikuta meno mapana mbele, huyo si wa miezi miwili hata muuzaji akiapa kwa marehemu mama yake.

Karatasi na sindano

Kenya kuna East Africa Kennel Club, Nairobi, wanaosajili mbwa wa ukoo. Ukionyeshwa cheti chao, chukua namba na uulizie kwao. Karatasi nyingine nyingi zimechapwa stesheneri ya jirani, na muhuri wake haukauki vizuri. Kwa mbwa wa kengele, cheti cha ukoo si lazima kabisa. Usikilipie.

Kadi ya chanjo ndiyo ya lazima. Itazame kwa makini: kuna stika iliyobanduliwa kwenye kichupa, yenye namba ya bechi na tarehe, na jina la daktari? Au kuna tiki tu za kalamu ya bluu? Chanjo hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Iliyobebwa mfukoni kwenye bodaboda ni maji. Mtoto huanza kuchanjwa pavo na distempa akiwa na wiki sita hadi nane, hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afike wiki kumi na sita. Kwa hiyo anayesema mtoto wa wiki nane "amemaliza chanjo" hajui, au anajua.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kwa kawaida akiwa na miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka. Hii haina mjadala. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona, na unaua takriban watu 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa. Akikung'ata mbwa yeyote, hata wako, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usipake pilipili wala jiwe la nyoka.

Kwa wasomaji wa pwani

Wengi mmeniuliza kama Mwislamu anaweza kufuga. Fatwa si kazi yangu, muulize sheikh wako. Nijuacho ni kwamba mbwa wa kulinda, kuwinda na mifugo wametajwa kuruhusiwa, na kwamba kwa Washafii, ambao ndio wengi pwani, chombo kilicholambwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa mpango wa nyumba, hiyo ina maana: banda karibu na geti, mbali na mlango wa kuingilia na kamba ya nguo za swala, vyombo vyake na ndoo yake, visiingie jikoni, na mbwa wa manyoya mafupi asiyedondosha mate. Rotwaila na Boaboli mate yao hayana breki. Wa kienyeji anafaa kuliko wote.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

Kununua ndugu wawili "wapate kampani". Wakikua pamoja hushikana wao kwa wao na wewe unakuwa mpishi tu. Kumpa bangi, pilipili au nyigu ili awe mkali: unampa tumbo bovu, ukali haupo kwenye chakula. Mnyororo wa mchana kutwa, ambao hauzai mlinzi bali mbwa anayemshambulia mtoto anayepita na mpira. Na kumleta mbwa mpya kwenye uwanja alikofia mwingine kwa pavo. Virusi hukaa ardhini mwaka na zaidi. Simenti unaweza kuiosha kwa dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa maji thelathini. Udongo hauoshwi, kwa hiyo subiri, au leta mbwa mzima aliyekwisha kuchanjwa.

Wiki ya kwanza

Muulize mfugaji alikuwa anamlisha nini, umpe hicho hicho siku chache za mwanzo, kisha ubadilishe kidogo kidogo. Omba kitambaa walicholalia na mama yake. Ndani ya siku mbili mpeleke kwa daktari wa mifugo, na kinyesi chake kwenye kikopo. Usimtembeze barabarani hadi chanjo ziishe.

Usiku wa kwanza atalia. Usimpige, usimfungulie kila anapolia, wala usimpeleke banda la mbali "azoee". Mweke boksi karibu na mlango, na kile kitambaa ndani, uzime taa. Usiku wa pili atalia zaidi, na jirani atakuuliza asubuhi kulikoni. Kufika wa nne au wa tano mtalala nyote.